Fundi wa Nateete: Mmisionari kijana katika nchi ya Kabaka

Mwaka 1882 mama yake Mutesa, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda, alifariki dunia. Muganzirwazza hakuwa mama wa mfalme wa kukaa ndani tu. Alikuwa na ikulu yake, mashamba yake na watu wake, na mazishi yake yalikuwa shughuli ya dola nzima. Mutesa akawaita wageni wake wa Kizungu akataka kujua kwao wafalme huzikwaje. Alexander Mackay, Mskoti wa miaka 32, akamweleza kwamba kwao mtu mkubwa hulazwa katika jeneza la mbao, jeneza hilo hutiwa ndani ya jingine la risasi, kisha yote mawili yakaingizwa katika la tatu la mbao lililovikwa kitambaa. Kabaka akaamuru iwe hivyo hivyo, ila kila kimoja kiwe kikubwa kuliko alivyosikia.

Risasi ya kutosha kazi hiyo haikuwepo Buganda. Yakakusanywa masinia na vyombo vya shaba kutoka kila pembe ya ikulu, yakapondwa mpaka yakawa mabati. Wahunzi wa Kabaka walipewa amri ya kumsaidia Mzungu, na kwa karibu mwezi mmoja nyundo zililia usiku na mchana. Jeneza la nje lilipokamilika lilikuwa kama chumba. Kaburi nalo lilichimbwa refu mno, likajazwa marobota ya vitambaa vya pwani na nguo za magome ya miti, mali ya maelfu ya pauni kwa hesabu aliyoifanya Mackay mwenyewe.

Hakuna hata kipande kimoja cha kazi hiyo alichotumwa kukifanya. Shirika lake, Church Missionary Society la London, lilimtuma apeleke Injili kwa mfalme. Barua zake, ambazo dada yake alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1890, zinaonyesha maisha mengine kabisa: siku zilizopita katika kunoa mapanga, kurekebisha bunduki, kubembeleza chakula, kubishana na wafanyabiashara na kufundisha watoto wa watu a-e-i-o-u. Mwenyewe mara nyingi aliziona shughuli hizo kama vikwazo vya kazi yake. Ukizisoma leo, unaona kwamba ndizo zilizokuwa kazi yenyewe.

Barua iliyotoka gazetini

Mackay alizaliwa Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, mtoto wa mchungaji. Alisomea ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, akashika vyuma katika viwanda vya Leith, na mwaka 1873 akaenda Berlin kuchora mitambo. Hakuwa kasisi, wala hakuwahi kuwa hadi kufa kwake.

Novemba 15, 1875, gazeti la Daily Telegraph lilichapisha barua ya msafiri Henry Morton Stanley kutoka Buganda. Stanley aliandika kwamba Mutesa yuko tayari kupokea walimu, na akasisitiza kwamba mhubiri mtupu hafai huko. Anayefaa ni mtu anayeweza kujenga, kulima, kutibu na kufundisha kazi. Siku chache baadaye mfadhili asiyetaja jina aliahidi pauni 5,000, na watu wanane wakapatikana. Kijana aliyekuwa akichora mitambo Ujerumani alikuwa mmoja wao, tena wa umri mdogo miongoni mwao.

Kabla ya kuondoka Aprili 1876 aliwaonya wakuu wa shirika wasishtuke, maana huenda katika miezi sita wakasikia mmoja wa waliotumwa amekufa. Haikufika hata miezi sita. Mmoja alifia pwani kabla msafara haujaenda mbali. Mwingine, tabibu wa kundi, alizikwa kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1877. Wawili waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huohuo. Kufikia katikati ya 1879, waliobaki walikuwa wamekwisha ondoka, isipokuwa Mackay.

Kiswahili cha njiani

Kabla ya kuiona Buganda, Mackay alifungua njia. Mwaka 1877 alisimamia vijana wa pwani waliokata pori kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite. Walikuwa na mashoka, sururu, misumeno na subira nyingi. Njia ilipatikana, lakini ng'ombe walikufa kwa ndorobo na mvua zikayazamisha magari kwenye tope. Mzigo ukarudi mabegani mwa wapagazi kama zamani.

Hasara hiyo ilikuwa na faida yake. Kwenye kambi za njiani na karibu na meko ya wapagazi, Mackay alikipata Kiswahili, nacho kikamsaidia kuliko gari lolote. Alikuwa na tafsiri za Injili alizozitoa Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Mutesa mwenyewe alikifahamu Kiswahili vizuri, maana waalimu wa Kiislamu kutoka pwani walikuwa wamekwisha kumfundisha kusoma, na kwa muda alifunga Ramadhani. Kijana mmoja aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Zanzibar, Dallington Mafta, alikuwa ameachwa na Stanley ikulu, akimsomea Kabaka Maandiko. Kwa hiyo Mackay alipofungua kitabu barazani alisoma kwa Kiswahili, Kabaka akasikiliza kwa Kiswahili, na wakuu wasiojua lugha hiyo wakatafsiriwa kwa Kiganda. Mskoti na Mganda walikutana katika lugha ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa nayo.

Lugha hiyohiyo iliokoa maisha yake kabla ya hapo. Katikati ya 1878 alifika Kagei, upande wa kusini wa ziwa, akakuta vifaa vya misheni vimerundikana ovyo, vyuma vimeota kutu na mashua iitwayo Daisy imetoboka. Akaanza kuunganisha vyuma, wenyeji wakimzunguka kutazama. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake wangelikataza kama wangekuwepo: alivuka kwenda Ukerewe bila silaha kuonana na mtemi Lukonge, ambaye watu wake walikuwa wamewaua wamisionari wawili miezi michache nyuma. Kifo chao kilitokana na ugomvi ulioanza kwa mashua na mfanyabiashara wa pwani, na Mackay alitaka kuusikia kutoka kwa mwenyeji mwenyewe. Walizungumza, wakapatana, naye akarudi salama.

Daisy nayo ilivunjikia ufuoni wakiwa safarini kwenda Buganda. Mackay na mwenzake waliikata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, na baada ya wiki kadhaa wakaingia majini na chombo kifupi zaidi. Novemba 1878 aliingia Rubaga, mji mkuu wa Mutesa.

Bunduki kwanza, sala baadaye

Mutesa alimpokea vizuri, na sababu zake hazikuwa za siri. Majeshi ya Misri yalikuwa yanasogea kutoka kaskazini, wafanyabiashara wa Zanzibar wanabana kutoka kusini, na mfalme mwerevu alihitaji marafiki wenye baruti. Alipogundua kwamba wageni hawa hawakuleta bunduki, shauku yake ilipungua. Alipogundua kwamba mmoja wao anaweza kuzitengeneza zilizoharibika, ikarudi.

Hapo ndipo siku za kawaida za Mackay zilipoanza. Kiwanja chake kilikuwa Nateete, nje kidogo ya mji mkuu. Alijenga tanuru, akasimika fuawe, akaweka cherehe ya kunolea visu na mashine ya kukerezea. Akachimba kisima na kukitia pampu, na watu waliozoea kuteka maji bondeni wakaja kuona maji yakipandishwa kwa mkono wa chuma. Chifu huyu alileta mtutu, yule alitaka kitasa, mwingine alitaka tu kukaa chini ya paa na kutazama cheche. Ikulu ilimwita kusimamisha mlingoti wa bendera. Wagonjwa wa vidonda walikuja asubuhi na mapema.

Malipo yalikuwa magumu. Misafara kutoka pwani ilichelewa miezi kwa miezi, vitambaa na kauri za kununulia chakula vikaisha, na wakuu wa Buganda hawakuwa na haraka ya kuwalisha wageni ambao Kabaka mwenyewe alikuwa amewachoka kwa muda. Katika vipindi hivyo Mackay alifua majembe na visu akavibadilisha kwa ndizi. Mmisionari aliyetoka kwao akiwa na ufadhili wa maelfu ya pauni aliishi kwa jasho la nyundo yake, sawa na mhunzi yeyote wa Kiganda. Wala hakujitofautisha sana nao. Wahunzi wa Buganda walikuwa mafundi wa kweli, na katika kazi kama ile ya jeneza la Muganzirwazza yeye alileta ramani, wao wakaleta mikono.

Wafanyabiashara wa pwani hawakumpenda, na kwa sababu ya msingi. Kila alipopata nafasi mbele ya Kabaka alishambulia biashara ya watumwa, iliyokuwa chanzo cha utajiri wao na cha baruti za Mutesa. Nao wakamlipa kwa uvumi: wakaeneza kwamba huyu ni mhalifu aliyeua watu Uingereza akakimbilia huku. Kwa muda uvumi huo uliaminika, na maisha yake yakawa hatarini. Mackay hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mkali na mwepesi wa kubisha, na mara nyingine alishindwa kuona kwamba mtu anaweza kumpinga bila kuwa mwovu.

Wageni wawili mbele ya mfalme mmoja

Ukali huo ulionekana zaidi Februari 1879, pale mtumbwi ulipomshusha Entebbe padri Mfaransa, Siméon Lourdel, mwenye umri wa miaka 25. Alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo watu wengi huku kwetu wanalijua kama White Fathers, lililoundwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie. Waganda walimwita Mapeera, na jina hilo linatajwa mpaka leo.

Vijana wawili wa Ulaya, kila mmoja na imani iliyogombana na ya mwenzake kwa zaidi ya miaka 300, walikutanishwa katika baraza la mfalme wa Kiafrika aliyeona wazi faida ya kuwashindanisha. Mackay alisali mbele ya Kabaka, Lourdel akakataa kupiga magoti. Mackay alisema Kitabu kinatosha, Lourdel akasema Kitabu bila Kanisa kimepotoshwa. Mutesa aliwasikiliza, kisha akauliza swali ambalo hakuna kati yao aliyelijibu vizuri: kama kila taifa la wazungu lina dini yake, mimi nitajuaje ipi ni ya kweli?

Desemba mwaka huo wakuu wa Buganda walitoa jibu lao wenyewe. Baada ya kuhani wa lubaale Mukasa, mungu wa ziwa, kuletwa ikulu kumtibu mfalme, baraza liliamua kwamba dini za Waarabu na za wazungu zote ziachwe na watu warudi kwenye zao. Mbele ya mfalme, mahubiri yote hayo yalikuwa hayajazaa chochote.

Waliokaa nje ya baraza

Wakati wakuu wanaamua barazani, vijana walikuwa wanasoma. Ikulu ya Buganda ilijaa watoto wa machifu waliopelekwa kumtumikia Kabaka: wapambe, walinzi wa malango, wachukuaji wa ujumbe. Wengi walikuwa na miaka kati ya 12 na 20. Kazi yao iliwapa muda mwingi wa kusubiri, na kiu kubwa ya jambo jipya. Karakana ya Nateete na nyumba ya Mapeera zilikuwa mahali pa kwenda.

Mackay alikuwa na mtambo mdogo wa kuchapa, lakini herufi hazikumtosha. Akakaa na kisu akachonga herufi kubwa za mbao, baadaye akamimina za risasi, akachapa karatasi za alfabeti na vifungu vifupi kwa Kiganda. Karatasi hizo zilitoka Nateete zikiwa mbichi kwa wino na kuishia mikunjoni mwa nguo za magome, zikasomwa usiku ikulu kwa kunong'ona. Aliyejua herufi kumi alimfundisha aliyejua tano. Mackay hakuwafahamu wengi wao kwa majina. Aliwaona wakija na kuondoka kati ya kipigo kimoja cha nyundo na kingine.

Mwaka 1881 mmoja wao, Sembera, alimpelekea Mackay barua kuomba ubatizo. Hakuwa na kalamu wala wino wa dukani. Aliandika kwa ncha ya jani la nyasi kali, na wino wake ulikuwa masizi yaliyochanganywa na maji ya ndizi. Hakufundishwa njia hiyo na mmisionari yeyote. Alikuwa amezichukua herufi, akatafuta mwenyewe namna ya kuziandika kwa vitu vya nyumbani kwao. Machi 1882 Sembera alibatizwa pamoja na wenzake wanne, akajichagulia jina la Mackay. Wakatoliki walikuwa wamekwisha kubatiza wa kwanza wao miaka miwili kabla.

Waliojiunga waliitwa wasomaji tu, na ndivyo walivyokuwa. Katika nchi ambayo kila kijana alikuwa mtu wa chifu fulani, hawa walianza kuwa watu wa wao kwa wao, wakiunganishwa na karatasi. Wakuu waliliona hilo mapema kuliko wamisionari.

Januari 1885

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na kiti kikaenda kwa mwanawe Mwanga, kijana wa miaka kama 18. Wajerumani walikuwa wanajiandaa kuteka pwani, na uvumi wa wazungu kula nchi za watu ulikuwa umefika Rubaga. Kabaka mpya aliwaogopa wageni, na zaidi aliwaogopa vijana wake mwenyewe waliokuwa na mkuu mwingine moyoni.

Mwishoni mwa Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walitoka kwenda ziwani wakiwa na vijana wa nyumbani kwao. Njiani wakazuiwa na askari wa Mujasi, mkuu wa jeshi, na vijana wakakamatwa. Mackay alihangaika kwa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, akaomba, akaahidi zawadi, hakusikilizwa. Tarehe 31, huko Busega, vijana watatu waliteketezwa kwa moto: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Lugalama alikuwa mtoto wa Ankole aliyetekwa vitani kabla ya kufika mikononi mwa wamisionari.

Mackay aliyekuwa na jibu kwa kila mbishi barazani hakuweza kumtoa kijana wa nyumbani kwake mikononi mwa askari. Mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga, na kijana Mkatoliki Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyethubutu kumlaumu Kabaka kwa kifo hicho, naye akauawa. Mwaka 1886 ikafuata Namugongo, ambapo Juni 3 Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa pamoja katika moto mmoja. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina ni 45, karibu sawa kwa sawa kati ya madhehebu mawili. Wengi wao walikuwa vijana wa ikulu.

Katika miezi hiyo Mackay aliendelea kuchapa. Watu walikuja Nateete usiku kuchukua karatasi, na idadi yao haikupungua.

Kabaka anaomba msaada

Julai 1887 Mwanga alimfukuza Mackay, naye akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo. Huko alijenga tena karakana na kuendelea kutafsiri. Stanley alipopita mwaka 1889 akitoka kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, alikaa kwake takriban wiki tatu, akamkuta akiunda mashua ya mvuke katikati ya pori. Alimsihi waende wote pwani, akakataa. Februari 8, 1890, malaria ilimuua akiwa na miaka 40. Tangu alipoondoka Uingereza miaka 14 nyuma hakuwahi kurudi hata kwa likizo. Lourdel alifariki Mei mwaka huohuo.

Yaliyofuata hayakuwa ya kupendeza yote. Mackay mwenyewe, katika barua zake za mwisho, alikuwa anawahimiza Waingereza waje kushika mambo ya Buganda. Januari 1892 wafuasi wa mapadri na wafuasi wa wamisionari wa Kiingereza walipigana Mengo, na bunduki ya Maxim ya Kapteni Lugard ikaamua mshindi. Mwaka 1894 Uganda ikawa himaya ya Uingereza. Ugomvi ulioanza barazani kwa Mutesa kati ya vijana wawili wa Ulaya ulimwagisha damu ya Waganda, na mgawanyiko wake ukaingia katika siasa za nchi kwa vizazi.

Lakini kuna barua nyingine ya kusoma kabla ya kutoa hukumu. Septemba 1888 wasomaji wa Kikristo na Waislamu walikuwa wameungana kumng'oa Mwanga. Wiki chache baadaye Wakristo nao wakafukuzwa, na wamisionari wote wakatolewa nchini, Waprotestanti na Wakatoliki wakisafirishwa katika mashua moja. Hapakubaki mwalimu hata mmoja wa kigeni Buganda. Wasomaji walikimbilia mpakani mwa Ankole, wakajipanga upya wenyewe, wakachagua viongozi wao. Miongoni mwao alikuwa Apolo Kagwa, kijana wa ikulu aliyewahi kupigwa na Mwanga kwa mkono wake mwenyewe kwa kosa la kusoma. Mwanga, akiwa mkimbizi kusini mwa ziwa, alimwandikia Mackay mwaka 1889 akimwomba asahau ya nyuma na amsaidie.

Mackay hakuwa na jeshi la kumpa. Waliomrudisha Mwanga kwenye kiti Oktoba mwaka huo walikuwa wasomaji hao hao aliowawinda, na walipomrudisha walimwekea masharti. Kagwa akawa Katikiro, akashika cheo hicho mpaka 1926, na akaandika kwa Kiganda historia ya makabaka wa nchi yake. Mackay alisafiri nusu ya dunia akiamini kwamba njia ya kuifikia Buganda ni kumpata mfalme. Miaka kumi na moja baada ya kuingia kwake Rubaga, mfalme ndiye aliyehitaji ruhusa ya vijana waliokuwa wakisimama mlangoni mwa karakana.